Cherero Wawili na Tembo wa Lamadi

Wenzangu wa kijiweni Mabatini, mliponiona nimerudi bila mke na bila ndege hamkuniuliza mbele ya watu, nami nawashukuru kwa hilo. Baadaye Luhende aliniuliza faraghani, kisha wengine mkafuata, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nikampa kipande. Sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya. Wapo wanaosema nilikamatwa kwa biashara ya ndege. Wapo wanaosema tembo alinikimbiza hadi ziwani. Hayo hayakutokea. Yaliyotokea ninayaandika hapa, msome kwa zamu, na miwani ya Luhende mpeane.

Mnawajua wale ndege wawili wa Mama Kabula, mke wangu. Wadogo, mgongo wa kijani, shingo na uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho kama mtu aliyevaa miwani ya kazi. Wengi huwaita kasuku wadogo. Jina lao ni cherero. Aliwapata Buhongwa, siku mvumo mmoja, ule mti mrefu unaofanana na mnazi, ulipoangushwa kupisha nyumba, nao wakiwa bado hawana manyoya. Aliwalisha uji wa mtama kwa ncha ya kijiti. Walipokua walikaa kwenye tundu lililoning'inia mlangoni, bega kwa bega, na wakilala, mmoja aliweka kichwa kwenye shingo ya mwenzake. Hata ukiwapa kijiti kirefu cha kukalia, walibanana pembeni kana kwamba nafasi ni haba.

Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini reli na kurudi nyumbani moja kwa moja, baada ya maisha ya kuhamishwa stesheni hadi stesheni. Nilikuta nyumba inayojiendesha. Mama Kabula alijua bei ya kila kitu na jina la kila jirani. Mimi sikuwa na la kuamua. Na mnakumbuka miaka hiyo ilivyokuwa: kila kitu kilikuwa kimepata mnunuzi. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Pamba inanunuliwa na mtu yeyote mwenye mizani. Basi siku moja, mke wangu yuko sokoni, ikaja pikapu ya wanunuzi wa ndege. Kijana mmoja akasimama mlangoni, akaniita bosi, akasema anamtaka mmoja tu, yule mwenye rangi iliyokolea. Kwa kuwa aliniita bosi, nikaamua kama bosi. Nilijiambia kwamba ndege mmoja anatosha kupamba mlango, na atapata nafasi ya kujinyoosha.

Mama Kabula aliporudi alilitazama tundu, akaingia ndani, akapika. Asubuhi alifunga kitambaa chake akaniambia anakwenda Lamadi kwa dada yake, Nkwimba. Nikamuuliza, na ndege? Akasema, "Nawaacha wawili. Mtazoeana."

Hatukuzoeana. Cherero aliyebaki alikaa pale pale pembeni, akiacha nafasi ya mwenzake. Alikula kidogo, kisha akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani hadi ngozi ikaonekana. Niliona wazi kwamba akifia mikononi mwangu, mke wangu hatarudi tena. Hivyo nikafunga safari ya kumpeleka akiwa hai, na kama ikiwezekana kurudi na wote wawili.

Mabatini hadi Magu

Nilipanda moja ya yale mabasi mapya ya watu binafsi, yaliyoandikwa maneno ya dini mbele na ya mapenzi nyuma. Zamani basi lilikuwa moja na liliondoka kwa saa yake. Sasa yalikuwa mengi na hayakuondoka mpaka yajae. Nilikaa na tundu mapajani, nikalifunika kwa shuka. Konda alipofika kwangu alichungulia ndani.

"Mzee, huyu anakaa au anasimama?"

"Anakaa mapajani kwangu."

"Basi ni mtoto mchanga, hana nauli. Lakini akianza kuimba nitamtoza."

Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa tangu mwenzake aondoke alikuwa hajaimba.

Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja wa Mirongo, Mama Rehema, mchuuzi wa mitumba aliyekuwa akipeleka robota lake kwenye minada ya huko mbele. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akanihoji kama jirani wa siku nyingi. Nilimwambia nampeleka ndege kwa mke wangu aliyekwenda kumsalimia dada yake. Sikumwambia zaidi. Yeye alisema ni vizuri, wanaume wengi huwapelekea wake zao matatizo tu.

Kabla ya Magu kitu kilivunjika chini ya basi. Tuliingia mjini tumeinama upande mmoja, na dereva akasema ni kazi ndogo. Ile kazi ndogo ilikula saa zetu nyingi. Fundi alitoka na chuma kilichovunjika, akapotea, akarudi na kingine kisichoingia. Mama Rehema aliniongoza hadi kibandani kwa mama lishe, tukala ugali wa muhogo na mapanki ya kukaanga. Kulikuwa na nyama ya kutosha kwenye kichwa cha yule samaki kwa mtu asiye na haraka. Baada ya chakula alitoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wake, tukatafuna na karanga, naye akamsagia ndege karanga mbili kwa meno akaziweka kwenye kifuniko. Cherero alizitazama. Alionja moja.

"Huyu ana msiba," Mama Rehema alisema.

Nikamwambia ni uchovu wa barabara.

Tukiwa pale alikuja mtu mmoja mwenye kofia ya pama, akaketi karibu nami kwa heshima nyingi na kuanza kuniuliza kama nanunua kwa kichwa au kwa gunia. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba kwao mtama umeanza kuiva, ndege hawa wapo wengi mno, na kwamba nikimwachia siku moja ataniletea gunia zima likiwa hai, au karibu hai. Nilimwambia mimi sinunui ndege. Akatabasamu kwa namna ya mtu anayejua biashara, akanikonyeza, akasema ananielewa, siku hizi kuna askari kila mahali. Alipoondoka, Mama Rehema alinitazama kwa muda. Nilitamani kuapa kwamba sikuwahi kununua ndege maishani, na hilo lingekuwa kweli kabisa, maana mimi niliuza.

Nilikwenda kukaa kando ya barabara peke yangu. Barabara ile ndiyo tuliyopita na Milembe siku nilipomwoa. Milembe ndilo jina lake kabla Kabula hajazaliwa na kumpa jina la mama. Tulipanda juu ya lori la pamba kutoka kwao kuja Mwanza, juu kabisa, na magunia yalikuwa laini kama kitanda cha mkubwa. Upepo ulimjaza nyuzi nyeupe kichwani. Aliniambia, tazama, nimezeeka na wewe leo leo. Siku ya tano nikaripoti kazini, mbali, naye akabaki kwa mama yangu. Nilikuwa nimesahau maneno hayo kwa miaka mingi. Yalinirudia pale Magu, kwa sababu basi liliharibika.

Magu hadi Lamadi

Tuliondoka jua likiwa limeanza tu kushuka. Tulivuka daraja la Simiyu na mashamba yakaanza, mtama upande huu na pamba upande ule, ng'ombe wakirudi na vumbi lao. Karibu na Lamadi basi lilipunguza mwendo, likasimama, na injini ikazimwa. Mbele, katikati ya barabara, alisimama tembo.

Alikuwa peke yake. Dume kubwa, pembe moja imevunjika nchani, mwili mwekundu kwa udongo. Hakufanya lolote. Alisimama tu kama mtu aliyetoka chumbani akasahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Dereva alikataa kupiga honi na abiria walikataa kunyamaza.

Nyuma yetu alikuwepo mzee mwenye koti la kaki, aliyesema amewahi kuwa askari wa wanyamapori. Tangu Magu alikuwa ameshatueleza kwamba amewahi kumlaza simba kwa kumtazama, kwa hiyo hatukumwamini sana. Lakini habari za tembo alizisema bila mbwembwe. Alisema majike hukaa pamoja, bibi, mama, dada na watoto, na bibi ndiye anayejua maji yako wapi. Dume akishakua hutoka, mara nyingi hufukuzwa. Huzunguka peke yake au na madume wenzake. Siku akitaka mke huja, kunakuwa na kelele na vumbi, kisha huondoka, na watoto hulelewa na akina mama.

"Kama mabwana wa reli," Mama Rehema alisema.

Basi lilicheka lote. Alikuwa na mjomba wa reli, akaeleza, aliyekuwa akija mara moja kwa mwaka na sukari, na watoto walimkimbia wakidhani ni daktari wa chanjo. Alinigeukia ili tucheke pamoja. Sikuwa nimemwambia kazi yangu ilikuwa ipi. Nilicheka kwa kuchelewa.

Mtu mmoja akauliza, na hawa kasuku wadogo wa mzee, wao wanaishije? Askari mstaafu alisema hao hawana cha maana, ni wezi wa mtama tu, kazi yao kukaa wawili wawili na kukwaruzana vichwa siku nzima. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho, wanafanana kila kitu. Nikauliza, mmoja akifa? Akasema hajui, hakuwahi kulipwa mshahara kuangalia ndege.

Tembo aliondoka kwa wakati wake, akateremka taratibu kuelekea mashambani. Mama Rehema alishuka mnadani kabla yangu kidogo. Alitoa kwenye robota kiblanketi cha mtoto, kilichokuwa na picha ya dubu, akanipa nimfunike ndege kwa ajili ya baridi ya ziwani. Akaniambia nimsalimie mke wangu, na kwamba kama nimemkosea niseme mapema, kabla sijapewa chakula. Sijui alijuaje.

Kwa Shemeji

Nyumba ya Nkwimba iko mahali ambapo mashamba yanashuka hadi ziwani. Alikuwa ameketi uani akichambua maharage. Tangu mumewe afariki yeye ndiye msemaji wa nyumba ile, na tangu ujana wetu hunitania kama shemeji anavyoruhusiwa, bila huruma. Aliniona tangu mbali, lakini hakuinuka.

Nilimsalimu. Akaitikia, akalitazama tundu, akainua kiblanketi chenye dubu, akakishusha.

"Mume wangu mdogo," alisema, "mtu akija kuchukua mke huja na mshenga, mtu mzima mwenye maneno. Wewe umekuja na nani huyu?"

"Nimemleta kwa mwenyewe."

"Umemleta mwizi kwenye nyumba iliyoibiwa."

Nilikuwa sijaelewa. Aliponyoosha mkono kuelekea mashambani nikasikia: makopo yakigongwa, kelele za watu, na juu ya mtama wingu la kijani likiinuka na kutua tena mbele kidogo. Cherero. Mamia yao. Mtama ulikuwa unaiva na kijiji kizima kilikuwa mashambani kuamia, yaani kufukuza ndege, maana ndege wakiachwa nusu siku hubaki masuke matupu. Mke wangu alikuwa ulingoni tangu alfajiri, akiwafukuza ndugu za yule niliyembeba kwa blanketi.

Hapo nilifanya kosa lingine. Badala ya kuketi na kusubiri niitwe, kama desturi inavyotaka, nilichukua tundu nikaenda moja kwa moja shambani. Watu wa milingo ya jirani waliacha makopo yao kunitazama. Mmoja akapaza sauti kuuliza kama serikali sasa imeanza kuwagawa ndege hao kwa kila kaya. Milembe alinitazama kutoka juu. Hakushuka. Kombeo lilikuwa mkononi mwake, na nikafikiri, akilitumia sasa hakuna atakayemlaumu.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

"Mpeleke kivulini. Umwambie Nkwimba akupe chakula."

Nikakumbuka maneno ya Mama Rehema. Nikasema pale pale, chini ya ulingo, nikiwa nimeinua uso, kwamba nilimuuza mwenzake kwa sababu kijana aliniita bosi. Milingo ya jirani ilisikia yote. Milembe akatazama mtama, akazungusha kombeo, na jiwe likapita mbali juu ya kichwa changu. Wingu la kijani likainuka.

Juu ya Ulingo

Usiku ule nililala chumba cha wageni. Asubuhi kelele ziliniamsha. Tembo alikuwa amepita kabla ya kupambazuka. Kona moja ya shamba ilikuwa imelala chini, mashina yamevunjika, na nyayo zake zilikuwa pana kiasi kwamba Nkwimba aliweka sinia ndani ya unyayo mmoja likatosha. Majirani walikuja kutoa pole. Kila mtu alikuwa na lake la kusema, aliyesikia kishindo, aliyepiga debe, aliyeona kivuli. Ilikuwa kama shughuli. Chai ikapikwa.

Nilisema kwa mshangao wa mtu wa mjini kwamba kumbe tembo ndiye adui mkubwa wa hapa. Nkwimba alinisahihisha. Tembo akija, alisema, kijiji kizima kinajua, utaambiwa pole na utaonyesha mahali. Hawa wadogo hakuna anayekupa pole kwa ajili yao. Wanakula punje moja moja, siku baada ya siku, na unachokiona wakati wa mavuno ni kwamba gunia halijai. Kisha akaniambia kwamba kwa kuwa kona ile imeharibika, watu wawili wanahitajika ulingoni, na yeye miguu inamuuma.

Basi nikapanda. Ulingo ule ni vijiti vilivyofungwa kwa kamba, na ulikuwa umejengwa kwa mtu mmoja. Tukikaa wawili ilibidi mabega yagusane. Kuamia si kazi ya nguvu, lakini haina mapumziko: kuanzia mwanga wa kwanza hadi ndege wakalale, hushuki. Unavuta kamba ya makopo, unapiga debe, unarusha jiwe. Kati ya wingu moja na jingine mnakaa. Siku ya kwanza hatukuzungumza zaidi ya "wale kule" na "vuta". Siku ya pili alianza kuniambia habari. Si za ugomvi. Aliniambia jinsi Kabula alivyoota meno, nani alikuwepo mama mkwe wangu alipofariki, mwaka ule mvua ilipobomoa jiko. Mambo ambayo niliyajua kwa barua, mistari miwili miwili. Sijawahi kukaa na mke wangu siku nzima bila kuwa na mahali pa kwenda. Nawaambia ukweli, miaka yote ile sikuwahi.

Tundu tulilitundika kwenye nguzo ya ulingo, kivulini. Cherero wetu alisikia kelele za wenzake, akaanza kuita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipomuuza mwenzake. Milembe aliacha kombeo akasikiliza.

Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba kwa Nkwimba amefikia mnunuzi wa ndege kutoka Mwanza. Watu walianza kuja. Mmoja wao, Shigela, alikuwa na cherero aliyemnasa kwa ulimbo, bawa lote limegandamana, hawezi kuruka. Nilimweleza kwamba mimi si mnunuzi. Alihuzunika kweli, akasema basi atamtupa. Milembe alishuka ulingoni, mara ya kwanza kuniachia shamba peke yangu, akamchukua yule ndege, akakaa naye uani na majivu na mafuta ya karanga, akisafisha unyoya baada ya unyoya. Alipomaliza akamtia ndani ya tundu.

Nilitegemea wakumbatiane. Walipigana. Wetu alimrukia mgeni na kumuuma mguu, na mgeni akakimbilia upande wa pili, akakaa amejikunja. Nikataka kumtoa. Milembe akanizuia.

"Mwache. Bado hajamjua. Amezoea pengo."

Jioni, tembo alirudi. Safari hii tulimwona mapema, jua bado halijazama, akitokea kwenye vichaka upande wa mbuga. Alikuwa yule yule wa pembe iliyovunjika. Milingo yote ilianza kupiga madebe. Alisimama mbali, akapepea masikio, akatusikiliza. Alikuwa mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Hata Milembe alipunguza kupiga ili amtazame.

Nilimwambia alichosema yule askari kwenye basi, kuhusu madume, na alichosema Mama Rehema kuhusu mabwana wa reli. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Wewe ulikuwa ukija hivyo hivyo," alisema. "Mtaa mzima unajua. Redio, sukari, kanga. Watu wanakuja kukuona, tunachinja kuku, unakula, unaondoka, na mimi nabaki kuinua vilivyolala."

"Nilikuwa kazini."

"Najua ulikuwa kazini. Tembo naye si mbaya. Lakini mtu haishi kwa kumsubiri tembo. Nilipata wale ndege nikawa nawatazama jioni. Nilisema, akistaafu tutakaa hivyo, hata kama hatuna cha kuongea. Ukarudi. Ukamuuza mmoja."

Tembo aligeuka akarudi vichakani, na madebe yakanyamaza moja baada ya jingine. Tulibaki pale juu mpaka ndege wa mwisho walipokwenda kulala kwenye mivumo. Tulipochukua tundu ili tushuke, wale wawili walikuwa bado pande mbili za kijiti. Ila wetu alikuwa ameacha ile kona yake. Alikuwa amesogea kidogo kuelekea katikati.

Siku zilizofuata nilikuwa wa kwanza kupanda. Nilijifunza kombeo vibaya, nikampiga mbuzi wa Shigela, nikaomba radhi. Siku moja kabla ya adhuhuri Milembe alinigusa goti bila kusema na kunionyesha tundu kwa kidevu. Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, na wetu alikuwa akimkwaruza shingoni, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Nani dume nani jike, sijui mpaka leo. Wingu la kijani lilikuwa linatua upande wa kona iliyoharibika, na hakuna kati yetu aliyevuta kamba.

Kurudi kwa Boti

Nilitaka tumalize mavuno na kurudi pamoja. Milembe alisema hapana. Alisema nitangulie.

Nilifikiri ndilo jibu lake kwamba harudi, na kwamba amelisema kwa upole. Nkwimba alinipa kifurushi cha michembe bila utani wowote, jambo lililonitisha zaidi. Asubuhi mke wangu alinisindikiza hadi ufukweni, ambako boti la dagaa lilikuwa linapakia kwenda Mwanza. Nahodha alisema tunaondoka sasa hivi, akaenda kunywa chai. Tulikaa juu ya gogo. Maji yalikuwa tulivu na visiwa vya mbali vilionekana kama vimeinuliwa kidogo juu ya ziwa.

"Mtama ukishapetwa nitakuja," alisema. "Na ndege. Nitapanda boti hili hili, huwa linashusha Mwaloni kila Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Alikuwa akitazama boti.

"Ulikuwa ukiandika, nitakuja mwisho wa mwezi. Hukuandika mwezi upi. Nilikuwa nakwenda stesheni na Kabula mgongoni. Treni inaingia, watu wanashuka, wanakwisha. Narudi. Mwezi ujao naenda tena. Sikuwahi kukuambia."

Kweli, hakuwahi kuniambia. Kila nilipomkuta pale stesheni nilidhani ndiyo siku pekee aliyokuja.

Nahodha alirudi, tukasukumwa majini. Nilikaa juu ya magunia ya dagaa na harufu yake iliingia hata kwenye kofia, ndiyo ile mliyoilalamikia niliporudi. Injini ilizimika mara kwa mara na kila mara tulielea, mabaharia wakibishana, pwani ikiwa haisogei. Zamani ningekasirika. Nilimwangalia Milembe akisimama ufukweni mpaka akawa mdogo, kisha nikaendelea kuangalia mahali alipokuwa.

Basi hiyo ndiyo safari yangu, na ndiyo sababu Jumamosi mbili zilizopita hamkunikuta kijiweni. Jumamosi ya kwanza boti lilifika mchana. Walishuka wachuuzi, wakashuka dagaa, wakaisha. Ya pili lilifika jioni. Nilisimama mahali ambapo mtu anayeshuka ataniona kabla hajakanyaga ubao. Nimetengeneza ndoano ya tundu mlangoni, na nimekata kijiti kipya cha kukalia. Nimekikata kifupi.

Kesho ni Jumamosi tena. Luhende, mtu akikaa mahali pangu kwenye benchi, mwache akae.